Mpaka Unaopita Majini: Ziwa Edward na Ghuba ya Foyle

Mjadala wa Brexit, yaani kujitoa kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, uliwafikia wasomaji wengi wa Kiswahili kama ugomvi wa Wazungu kuhusu biashara na wahamiaji. Hata hivyo, fundo lililowashinda kulifungua wanasiasa wa London, Dublin na Brussels baada ya kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016 lilikuwa swali ambalo mvuvi wa Vitshumbi, kwenye mwambao wa kusini wa Ziwa Edward upande wa Kongo, angelielewa bila kuelezwa mara mbili: pale ambapo watu, bidhaa na samaki wamezoea kupita, mpaka ulindwe na nani, na anayeuvuka atendewe nini?

Kisiwa cha Ireland kiligawanywa mwaka 1921. Majimbo 6 ya kaskazini yalibaki chini ya Uingereza, na sehemu iliyosalia ikawa dola ambayo leo ni Jamhuri ya Ireland. Mpaka uliozaliwa hapo una urefu wa kilomita zipatazo 500, na unakatwa na barabara zaidi ya 200, nyingine zikiwa njia za mashambani tu ambazo ng'ombe wa mkulima mmoja huzivuka kwenda malishoni. Vituo vya forodha vilivyowekwa mwaka 1923 vilidumu hadi 1993, Umoja wa Ulaya ulipofungua soko lake la pamoja, na ngome za jeshi zilizojengwa wakati wa machafuko yaliyoua watu wapatao 3,500 zilibomolewa kidogo kidogo baada ya Mkataba wa Ijumaa Kuu wa tarehe 10 Aprili 1998. Mkataba huo haukufuta mpaka, bali uliuondolea makali, kwa kuwa uliwaruhusu watu wa kaskazini kujitambua kuwa Waingereza, Waireland au vyote viwili, na nchi zote mbili, zikiwa wanachama wa soko moja, hazikuwa na sababu ya kumsimamisha dereva wa lori njiani.

Brexit iliirudisha sababu hiyo. Soko linapoachana na soko jingine, mahali fulani lazima pawe na mtu wa kufungua maboksi na kuangalia kama nyama iliyomo imetimiza masharti na kama ushuru umelipwa. London ilitaka mambo matatu kwa pamoja: kutoka katika soko la Ulaya, kutoweka vizuizi kati ya Ireland mbili, na kutoweka vizuizi kati ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza yenyewe. Mawili kati ya hayo yangewezekana, matatu hayakuwezekana. Theresa May alipendekeza kinga ya dharura, yaani mpango wa kuibakiza Uingereza nzima katika utaratibu wa forodha wa Ulaya hadi dawa nyingine ipatikane, na bunge likaukataa mkataba wake mara tatu mwaka 2019. Boris Johnson, aliyemfuata, alikubali kwamba ukaguzi ufanyike bandarini, na kwa njia hiyo mpaka ukahamishwa kutoka nchi kavu hadi katika Bahari ya Ireland, jambo lililowaudhi sana wale wa kaskazini wanaotaka kubaki na Uingereza. Mpango huo ulilegezwa na Makubaliano ya Windsor ya Februari 2023, lakini haukufutwa.

Kuna kipande kimoja cha mpaka huo ambacho hakikusikika sana katika mjadala, ingawa kwa msomaji wa Maziwa Makuu ndicho chenye maana kubwa zaidi. Ghuba ya Foyle, iliyo kaskazini kabisa mwa kisiwa, ina Jamhuri ya Ireland upande wa magharibi na Ireland ya Kaskazini upande wa mashariki, na nchi hizo hazijawahi kukubaliana ni wapi hasa mpaka unapita ndani ya maji. Novemba 2016, katikati ya joto la Brexit, waziri wa Uingereza aliyeshughulikia Ireland ya Kaskazini alirudia kwamba ghuba yote ni ya Uingereza, na Dublin ikajibu kwamba haijapata kulikubali dai hilo. Mtu angetarajia mahali pa namna hiyo pawe pa kukamatana na kunyang'anyana nyavu. Lakini mwaka 1952, katika siku ambazo katiba ya Ireland ilikuwa bado inadai kisiwa chote, mabunge ya Dublin na Belfast yalipitisha sheria zinazofanana na kuunda tume moja ya uvuvi wa Foyle, iliyosimamia samaki aina ya samoni, leseni, nyavu na doria bila kusubiri mabishano ya mamlaka yaishe. Baada ya mkataba wa 1998 kazi hiyo ilirithiwa na chombo kingine cha pamoja cha nchi hizo mbili. Mabishano ya mstari hayajaisha, na yana madhara yake, kwa maana mashamba ya chaza yameenea ghubani bila leseni kwa kuwa haijulikani nani mwenye haki ya kuitoa. Hata hivyo samoni amekuwa na mlinzi mmoja kwa zaidi ya miaka 70.

Katika Ziwa Edward hali ni kinyume chake. Mstari unajulikana. Mkataba uliotiwa saini London tarehe 3 Februari 1915 kati ya Uingereza na Ubelgiji, wakati Ubelgiji wenyewe ulikuwa karibu wote umekaliwa na majeshi ya Wajerumani, uliamua kwamba kutoka mdomo wa mto Ishasha mpaka ulikate ziwa kwa mstari ulionyooka hadi mdomo wa mto Lubilia-Chako. Kwa kipimo hicho Kongo ilipata takriban sehemu 7 kati ya 10 za ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,300, Uganda ikapata zilizobaki, na azimio la viongozi wa Afrika lililopitishwa Cairo mwaka 1964 likaifanya mipaka ya namna hiyo isiguswe. Hata urafiki wa Mobutu na Idi Amin, uliofanya ziwa lipewe jina la Amin kwa muda katika miaka ya 1970, haukuusogeza mstari huo hata hatua moja. Kilichokosekana kwa zaidi ya miaka 100 ni chombo kimoja cha kusimamia samaki wanaoupita kila siku.

Ukosefu huo unauma zaidi Vitshumbi kuliko mahali pengine, kwa sababu kijiji hicho cha wilaya ya Rutshuru, kilicho zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Goma, kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1925. Upande wa Kongo ni vijiji vitatu tu vya uvuvi vinavyotambuliwa na sheria, yaani Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, na mkazi wake haruhusiwi kulima wala kufuga ndani ya hifadhi, hivyo maji ndiyo shamba lake la pekee. Kutoka hapo tilapia, kambale na samaki wengine, wabichi au waliotiwa chumvi, wamepelekwa kwa miaka mingi hadi masoko ya Kiwanja, Butembo na Goma. Vita vya tangu miaka ya 1990 viliongeza wakimbizi, mitumbwi isiyo na namba na vijiji vya uvuvi visivyo na kibali, nyavu za macho madogo zikavua hadi vifaranga katika mazalia, na hata viboko, ambao kinyesi chao huyarutubisha maji na kuwalisha samaki, walipungua kutoka karibu 29,000 katika miaka ya 1970 hadi chini ya 1,000 kufikia mwaka 2005. Samaki walipopungua upande mmoja, mitumbwi iliwafuata upande wa pili.

Upande huo wa pili nao ulikuwa umebadilika. Mwaka 2017 Uganda iliwakabidhi wanajeshi kazi ya kupambana na uvuvi haramu katika maziwa yake, na wavuvi wa Kongo waliokutwa ng'ambo ya mstari walikamatwa na kunyang'anywa mitumbwi, injini na nyavu, wengine wakafikishwa mahakamani na kufungwa. Wakamataji husema kwamba sheria imevunjwa. Waliokamatwa husema kwamba maji hayana alama, kwamba upepo wa usiku humsukuma mtu, na wakati mwingine kwamba walikamatwa wakiwa bado kwao. Si kila anayetoa hoja ya upepo husema kweli, lakini ni vigumu kumhukumu mtu kwa kuvuka mstari ambao hata hakimu, akipandishwa mtumbwi gizani, asingeuona. Julai 2018 majeshi ya majini ya nchi hizo mbili yalirushiana risasi ziwani na watu wakafa pande zote mbili. Mwaka huo huo Kinshasa na Kampala zilitia saini makubaliano ya kusimamia kwa pamoja uvuvi wa maziwa Edward na Albert, yaliyoandaliwa kupitia mradi wa nchi za bonde la Nile uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kile ambacho Foyle ilikipata mwaka 1952 bila mpaka uliokubaliwa, Ziwa Edward lilikipata kwa maandishi miaka 103 baada ya mpaka kuchorwa.

Kisha ukaja mjadala mwingine, ambao unaweza kuitwa Brexit iliyogeuzwa juu chini. Wakati Uingereza ilikuwa inatoka katika jumuiya ya majirani zake, Kongo iliomba mwaka 2019 kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikakubaliwa Machi 2022, na tarehe 8 Aprili mwaka huo ikatia saini mkataba jijini Nairobi. Jumuiya hiyo ina umoja wa forodha, maana yake wanachama hawatozani ushuru wa bidhaa zao na hutoza kiwango kimoja kwa zinazotoka nje, na ina soko la pamoja, ambalo hutarajiwa kumruhusu mtu na kazi yake kupita. Waliounga mkono walitaja bandari za Mombasa na Dar es Salaam, ambako shehena nyingi za Kivu hushushwa; waliopinga waliuliza nchi itafungua vipi mlango kwa majirani inaowatuhumu kuivamia, ilhali Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuwa imetoka kuiamuru Uganda, Februari 2022, iilipe Kongo fidia ya dola milioni 325. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, lakini zote zilitazama barabara na malori. Samaki na mtumbwi hawakusikika, kama vile Foyle haikusikika London.

Tarehe 13 Juni 2022, miezi miwili hivi baada ya saini ya Nairobi, waasi wa M23 waliuteka mji wa mpakani wa Bunagana, na Machi 2024 waliingia Vitshumbi. Pale mwaloni, ambapo mvuvi alikuwa amezoea kuwahesabu wenye mamlaka wawili majini, askari wa majini wa Kongo na wa Uganda, pamoja na walinzi wa hifadhi nchi kavu, akaongezewa wa nne asiyetajwa katika mkataba wowote wa ziwa hilo. Tume ya Foyle iliweza kufanya kazi bila mstari kwa sababu kila ufuko ulikuwa na serikali inayoushika kweli. Vitshumbi, mstari wa 1915 ulibaki mahali pake, na makubaliano ya 2018 yalibaki na saini zake mbili, moja ikiwa ya serikali ambayo kwenye ufuko huo haikuwa tena na ofisa wa kuyatekeleza.