Minazi ni ya Bibi, Ardhi ni ya Nani?

Mwaka wa kwanza, kwenye kipindi cha sheria ya ardhi, mhadhiri aliuliza nani kati yetu anamiliki ardhi. Mikono ikanyooka michache, ya watoto wa Goba na Kibaha. Na mimi nikanyoosha. "Yako iko wapi?" Nikajibu: "Kilwa, nina minazi minne." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Nimeuliza ardhi, siyo minazi." Nikasema ardhi yenyewe si yangu, ni ya baba mdogo, mimi nina minazi tu. Kicheko cha pili kikawa kirefu kuliko cha kwanza, na hadi leo wapo wanaoniita Bwana Minazi.

Sikukasirika, maana hata mimi sikujua kueleza. Kwetu ni jambo la kawaida mno kiasi kwamba hakuna anayelieleza. Nimelielewa vizuri mwaka 2024, pale lilipotaka kumnyang'anya bibi yangu minazi sita. Naandika kwa sababu najua humu chuoni tupo wengi wa pwani ya kusini ambao tuna miti nyumbani, na tunadhani tuna shamba.

Tuanze na mti. Kijijini kwetu, kusini ya Nangurukuru, mtu akikuazima sehemu ya kulima anakupa sharti moja: lima ufuta, lima mtama, lima mihogo, lakini usipande mti wa kudumu. Ufuta unaupanda, unauvuna, unaondoka, na sehemu inabaki ya mwenyewe. Ukipanda mkorosho au mnazi umeweka mguu. Mnazi wetu mrefu wa asili unaanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, kisha unaweza kuendelea kwa miaka sitini na zaidi. Mtu wa mjini anajivunia hati ya miaka 99. Mwenye mnazi anao ushahidi uliosimama, unaoonekana kutoka barabarani, na kila baada ya miezi mitatu au zaidi kidogo mkwezi anapanda kuangua nazi mbele ya majirani. Kila uanguaji ni kama kusaini upya.

Ndiyo maana mti unaweza kuwa na mwenyewe na udongo ukawa na mwingine. Mti unarithiwa, unatolewa zawadi, unawekwa rehani. Rehani ya minazi ni kitu cha zamani sana pwani yetu: unakopa pesa, mkopeshaji anaangua nazi mpaka umlipe. Muhula wangu wa kwanza ulilipiwa hivyo, kabla bumu halijaingia. Minazi minne ya bibi ilikaa kwa jirani mwaka mzima, na kila nikipiga simu bibi alikuwa ananiambia, "Mume wangu, wewe soma tu, nazi tutanunua dukani." Kununua nazi dukani, kwa mwanamke wa kwetu mwenye minazi yake, si jambo dogo. (Kwa wasiojua utani wa kwetu: mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Msishangae.)

Babu alifariki 2009 na kuacha minazi 88. Sheikh alikaa na wazee barazani, mirathi ikagawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Mke akiwa na watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane: bibi akapata 11. Zikabaki 77. Watoto ni wanne, wa kiume watatu na wa kike mmoja. Mwanamume sehemu mbili, mwanamke moja, jumla sehemu saba. Kwa hiyo kila mtoto wa kiume akapata 22 na shangazi akapata 11. Hesabu ilitoka bila deni, hata sheikh mwenyewe alicheka. Yote ikaandikwa kwenye daftari la shule, mti kwa mti: ule wa kisimani, ule uliopigwa radi, ule uliopinda. Katika 22 za baba, minne akanipa mimi nilipomaliza kidato cha nne.

Lakini angalia kilichofuata, kwa sababu ndipo tatizo lilipoanzia. Udongo haukugawanywa kwa hesabu ile. Wale wana watatu waligawana vipande vyao wakapeana mipaka, na shangazi akaambiwa yeye ameolewa kwa watu, atakuja kuangua minazi yake ilipo. Bibi vilevile. Hakuna aliyeona kosa. Minazi yao ikawa imetawanyika kwenye mashamba ya watoto wa kiume kama wageni waalikwa.

Wapo watakaosema hiyo ndiyo mila. Mila ipi? Bibi yangu ni Mmwera, na Wamwera, kama Wamakonde na Wayao, ukoo waliuhesabu kwa mama, na mwanamume ndiye aliyehamia kwao mke. Mila hiyo ilikutana na Uislamu wa pwani, na katika makutano hayo wanaume wetu walichagua huku kilichowafaa na kule kilichowafaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, haina utani katika hili: mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Shangazi yangu hajawahi kuambiwa hilo na mtu yeyote mwenye muhuri.

Kabla sijafika kwenye ugomvi wenyewe, kuna jambo moja la historia ambalo bila hilo mtu haelewi kwa nini sisi tunaamini miti kuliko ardhi. Wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, watu walihamishwa kutoka walikokuwa wakiishi wametawanyika wakapangwa pamoja kwenye vijiji. Nyumba za udongo na makuti zilibomoka kwa misimu michache ya mvua. Miembe na minazi ilibaki. Sehemu hizo tunaziita mahame, na hadi leo ukipita porini ukakuta miembe mitano imesimama kwa mpangilio ujue hapo palikuwa na ua wa mtu. Sasa, kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo ya 1999 kilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa wakati wa operesheni ile. Kwa maneno mepesi, aliyepewa wakati ule ni yake, na aliyeachishwa hawezi kurudi leo akadai. Kisheria hame la babu yako limeshaondoka. Lakini msimu wa embe ukifika, wenye mahame wanakwenda kuchuma na hakuna anayewauliza. Ardhi ilichukuliwa kwa amri ya siku moja, mti ukaendelea kumtambua mwenyewe. Mzee aliyeshuhudia hayo humwambii kitu kuhusu ramani.

Mwaka 2023 baba mdogo aliuza kipande chake. Habari za gesi zimezunguka pwani yetu muda mrefu, Songo Songo tangu gesi ianze kwenda Dar es Salaam mwaka 2004, na sasa mradi unaosubiriwa wa Likong'o huko Lindi. Kila zikitajwa, wanatokea watu wa kununua mashamba. Baba mdogo akapata mteja, akapata bodaboda. Simlaumu sana, ana watoto watano. Ila juu ya kipande kile kulikuwa na minazi sita ya bibi na mitatu ya shangazi. Februari 2024 bibi alikwenda na mkwezi wake akakuta waya wa seng'enge, na kijana analinda.

Mnunuzi hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe, akamwamkia bibi "Shikamoo", akatoa karatasi: amenunua shamba "pamoja na vyote vilivyomo". Bibi akamjibu, "Marahaba mwanangu. Wewe umenunua udongo. Hiyo minazi aliyekuuzia hakuwa nayo, sasa wewe umeipata wapi?" Nimesoma kesi nyingi tangu hapo, sijakutana na hoja iliyonyooka kuliko hiyo.

Shauri likapelekwa Baraza la Ardhi la Kijiji, likapangwa Mei. Hiki ni chombo ambacho wanachuo wengi hawakijui: wajumbe saba, angalau watatu wanawake, na kazi yao ni kusuluhisha, siyo kuhukumu. Daftari la mirathi lilikuwa kwa baba, Mbagala, ndani ya sanduku. Nikapewa kazi ya kulipeleka.

Hapo ndipo niseme kidogo kuhusu safari, maana kwetu mali na njia ni kitu kimoja. Wazee wanakumbuka kivuko cha Ndundu, pale Rufiji, ambapo masika yakikolea basi lingeweza kulala siku kadhaa na abiria wake. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, baadaye lami ikaunganika, na leo ukipanda asubuhi Mbagala Rangi Tatu, mchana uko Nangurukuru unatafuta bodaboda. Ndiyo barabara iliyotutoa wengi. Wengi husema hata hilo jina machinga, mnalowaita wauza bidhaa wa Kariakoo, limetokana na vijana wa Kimachinga wa kwetu Lindi. Kijana anaondoka, na kinachomwakilisha nyumbani ni miti yake. Asiye na mti akikaa mjini miaka kumi, akirudi anaulizwa wewe mtoto wa nani.

Basi Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, mvua ikakata barabara kule Somanga. Mabasi ya kusini yakasimama. Njia nyingine ni kuzunguka Songea, Tunduru na Masasi, yaani kuizunguka nusu ya nchi ili ufike kwa jirani. Mimi na daftari langu tukakaa Mbagala, bibi anapiga simu kila jioni: "Mume wangu, umefika wapi?" Nipo hapahapa bibi.

Baraza halikunisubiri. Niliposhuka Nangurukuru baadaye, shauri lilikuwa limekwisha. Wajumbe walikuwa wamekwenda shambani na majirani wanne na mkwezi mmoja mzee, ambaye kwa miaka mingi alipanda kila mti pale na anajua ujira wa kila mti alilipwa na nani. Walipita mti kwa mti. Nilipofungua daftari tukalinganisha: mkwezi hakukosea hata mmoja.

Nimesoma kwamba kitu kama hiki kilifanyika Aceh, Indonesia, ng'ambo ya bahari hii hii ya kwetu. Kule nyumba kwa kawaida ni ya mke, wazazi humpa binti anapoolewa, na wanaume husafiri kutafuta maisha. Tsunami ya 26 Desemba 2004, ileile iliyofika mpaka Dar es Salaam ikaua watu, iliua Aceh zaidi ya 150,000. Nyaraka za ofisi ya ardhi zililowa, na viwanja vingi havikuwa na hati tangu mwanzo. Walionusurika walitembea wakionyeshana mipaka, majirani wakakubaliana na kusaini, ndipo wapimaji wakaja. Kumbukumbu ya jirani ilitangulia karatasi. Tofauti ni kwamba kule walioikumbuka mipaka wengi walikuwa wamekufa; sisi wetu wapo, ila wanazeeka na hatuwaandiki.

Usuluhishi ulikuwa hivi: mnunuzi aidha aifidie minazi tisa, au awaachie bibi na shangazi waangue mpaka miti ife yenyewe, na njia ya kupita iachwe. Alichagua la pili. Alikubali haraka, na nikajua kwa nini baadaye. Kwanza, mauzo yake hayakuwa yamepita Halmashauri ya Kijiji, na ardhi ya kijiji huwezi kumhamishia mtu wa nje kwa makubaliano ya watu wawili chini ya mwembe. Halmashauri lazima iridhie. Karatasi yake ilikuwa nyepesi kuliko daftari letu.

Sababu ya pili inaniuma zaidi. Pwani ya kusini kuna ugonjwa wa kunyong'onyea minazi. Nazi changa zinadondoka, majani yanakuwa ya njano, kilele kinaanguka, na unabaki mgongo mtupu kama nguzo ya simu. Dawa ya kuuponya mti ulioshikwa hakuna. Katika ile sita ya bibi, miwili imeshageuka njano. Mpaka miti ife yenyewe, walikubaliana. Na makubaliano hayasemi kwamba bibi anaweza kupanda mwingine pale ulipofia wa zamani, kwa sababu shimo ni udongo, na udongo ni wa mnunuzi.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaonicheka, jibu la mhadhiri nalijua sasa. Kisheria ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Kijijini inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Na haki ya kimila ya kuikalia na kuitumia ina hadhi sawa na hati ya mjini. Inaweza kuandikwa kwenye hatimiliki ya kimila, na majina ya wanawake yakaandikwa humo. Lakini kijiji lazima kwanza kiwe na cheti chake cha ardhi, na chetu bado kinafuatilia mpango wa matumizi. Sheria, inapofafanua ardhi, inataja vitu vinavyoota humo kiasili. Mnazi uliopandwa na babu kwa mkono wake, je, umeota kiasili? Nilimuuliza mhadhiri. Safari hii hakucheka mtu, na yeye akasema niandikie karatasi ya semina.

Julai nakwenda nyumbani. Baba amekubali bibi na shangazi wapimiwe vipande vyao ndani ya shamba lake, kwa hatua, mashahidi wawepo, na mtendaji wa kijiji agonge muhuri. Mkwezi amesema atakuja. Miche kumi ya mikorosho iko tayari nyuma ya nyumba, bibi anaimwagilia kwa maji ya kuoshea mchele, na ameshaniambia nisichelewe kwa sababu hawezi kuihamisha peke yake.