Jiko la Mtumba: Vifaa Kwanza, Mchoro Baadaye

Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulishughulikia vitu visivyoonekana jikoni: mabomba yaliyofukiwa ukutani, njia ya maji machafu na nyaya za umeme. Nilisema, na ninarudia, kwamba hapo mtu asibane shilingi. Leo tunafika kwenye vinavyoonekana, yaani makabati, kaunta, sinki, jiko la gesi na friji. Hapa mwenye nyumba anaweza kuokoa pesa nyingi bila kuharibu kazi, akikubali kununua vitu vilivyokwisha kutumika au vilivyokuwa vimewekwa dukani kwa maonyesho.

Kinachowashinda wengi si ubora wa mtumba. Ni utaratibu. Mtu huita fundi, fundi hupima ukuta, humwaga zege ya kaunta na kuacha tundu la sinki kwa kukisia, ndipo mwenye nyumba huingia mjini kutafuta sinki litakaloingia katika tundu lile. Atalipata, lakini litakuwa jipya na kwa bei ya muuzaji, kwa sababu hana tena nafasi ya kuchagua. Anayetaka jiko la mtumba hana budi kwenda kinyume: apime chumba, anunue vifaa kimoja kimoja kadiri vinavyopatikana, avihifadhi mahali pakavu, na fundi aanze kazi vikiwa vimetimia. Kazi huchukua miezi badala ya wiki. Asiye na subira hiyo anunue vipya tu, wala asilaumiwe.

Kwa Dar es Salaam, vifaa vizuri hutoka zaidi kwa watu wanaoondoka. Wageni wanaomaliza mikataba yao ya kazi huuza vyombo vyote kwa siku chache, na wenye haraka hawabishani sana bei. Hoteli inapokarabatiwa, makabati na masinki ya vyumba vingi hutoka kwa pamoja. Yako pia makontena yanayoshusha mitumba kutoka Uingereza na Dubai, na minada ya taasisi zinazobadilisha samani. Shorumu nazo, kila zinapobadili mtindo, huwa na makabati yaliyokaa dirishani mwaka mzima ambayo hayajawahi kuguswa na mvuke wa sufuria. Hayo ya shorumu nitayarudia baadaye, maana yana mambo yake.

Kwanza tuelewe kwa nini kabati la jikoni linaweza kuhama nyumba. Mwaka 1926 mjini Frankfurt, Ujerumani, msanifu majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko la nyumba za wafanyakazi lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Alichunguza hatua anazopiga mtu anayepika, akapanga kila kitu pale mkono unapofika. Majiko kama 10,000 ya mchoro huo yalifungwa katika nyumba zilizojengwa na manispaa chini ya Ernst May, aliyekuwa mkuu wa ujenzi wa mji ule. Kutoka hapo, fikra ya kutengeneza makabati kiwandani kwa vipimo vinavyolingana ilienea Ulaya. May mwenyewe alikuwa nje ya nchi Wanazi walipoitwaa Ujerumani, na hakuweza kurudi. Mwaka 1934 alikuja Tanganyika kulima, kisha akahamia Nairobi na kurudia usanifu. Hoteli ya Oceanic ya Mombasa ilikuwa kazi yake, na mpango wa kuupanua mji wa Kampala katika miaka ya 1940 pia. Mtu aliyesimamia majiko yale ya Frankfurt aliishi miaka karibu ishirini katika nchi zetu, na ni wachache wanaolijua hilo.

Faida tunayoipata leo kwa vipimo hivyo vinavyolingana ni hii: kabati la chini la kiwandani kutoka Ulaya kwa kawaida huwa na kina cha sentimita 60 pamoja na kaunta yake, na upana wa sentimita 30, 40, 50, 60, 80 au 100. Sanduku lenyewe lina kimo cha takriban sentimita 72. Ongeza miguu ya sentimita 15 na kaunta ya sentimita 3, unapata 90. Mwenye ukuta wa mita 3 anaweza kupanga makabati ya 80, 60, 60, 50 na 40, akabakiwa na sentimita 10 za kuziba kwa ubao. Si lazima yawe yametoka nyumba moja. Milango ikitofautiana rangi, hupakwa rangi moja, na mishikio ikabadilishwa yote. Miguu mingi huzungushwa kupanda na kushuka, na hilo ni jambo kubwa kwa mpishi mfupi: kaunta inayomfikia chini kidogo ya kiwiko itamwokoa mgongo kuliko ile ya kipimo cha kiwanda.

Kabati lililojengwa na seremala likashikamanishwa na ukuta kwa saruji ni habari nyingine. Likibanduliwa huvunjika. Hapo nunua milango tu, tena kama ni ya mbao kamili.

Na juu ya mbao kamili nina neno. Nyumba nyingi za zamani za mji huu, zikiwamo zile za Shirika la Nyumba la Taifa, zilifungwa makabati ya mninga au mvule. Leo yanang'olewa na kutupwa ili mahali pake pawekwe ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kuvikwa plastiki inayong'aa. Ninaliona hili kuwa hasara ya kusikitisha. Mninga uliokauka miaka arobaini haupindi tena. Ukikwanguliwa vanishi ya zamani, ukapigwa msasa na kupakwa mafuta, unatoa rangi ambayo hakuna karatasi ya kiwandani itakayoiiga. Kabla ya kutafuta mtumba wa mwingine, mwenye nyumba akague kwanza alichonacho. Huenda bawaba zimechoka na droo zimekwama, na kazi ya siku mbili ya seremala ikatosha. Afunguapo, atazame matundu madogo yanayomwaga unga laini. Hiyo ni dalili ya wadudu wanaotoboa mbao, na kipande hicho kisichanganywe na vizima kabla ya kutiwa dawa.

Chipubodi inahitaji jicho kali zaidi, hasa kwetu pwani penye unyevu. Piga magoti, utazame sakafu ya kabati la sinki na ncha za chini za ubavu. Chipubodi iliyokunywa maji huvimba kama mkate uliolowekwa, na haipungui tena hata ikianikwa juani. Ibonyeze kwa ukucha: ikiingia, acha. Angalia na matundu ya skrubu za bawaba. Skrubu ikishatolewa na kurudishwa tundu lile lile hushika kidogo. Fundi anayejua husogeza bawaba apate mahali papya, au huziba tundu kwa kijiti na gundi. Mende pia husafiri na makabati. Hujificha nyuma ya bawaba na chini ya reli za droo, kwa hiyo osha kila kitu kwa maji ya moto na sabuni na ukikaushe kabla hakijavuka mlango wa nyumba.

Sinki la chuma kisichoshika kutu ndicho kifaa ninachokipenda zaidi katika mtumba. Halichakai kwa kutumika. Hukwaruzika tu, na mikwaruzo hung'arishwa. Chukua sumaku. Chuma bora cha masinki, kinachojulikana kwa namba 304, kina kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli 8, na hakishikwi sana na sumaku. Kikishikwa kwa nguvu, huenda ni aina ya 430 isiyo na nikeli, ambayo karibu na bahari huanza madoa ya kutu mapema. Lakini sumaku haimalizi ushahidi. Iko aina ya 201, yenye nikeli kidogo na manganizi nyingi, nayo haishikwi na sumaku ingawa ni dhaifu. Kwa hiyo tafuta pia mhuri, 304, 18/8 au 18/10, na upime unene kwa kugonga katikati. Sinki jembamba hulia kama debe.

Kaunta ya matale iliyokwisha kutumika ni ngumu kuhamisha. Bamba la unene wa sentimita 2 lina uzito wa kilo zipatazo 54 kwa mita moja ya mraba, na hupasuka kwenye kona za tundu la sinki pale wabebaji wanapolilaza. Libebwe limesimama kwa ukingo, daima. Wenye majiko madogo nawashauri njia nyingine: waende kwenye karakana zinazokata mawe waulizie vipande vilivyobaki kwenye kazi kubwa. Kipande cha mita moja na nusu ni masalia kwa mwenye karakana, kwako ni kaunta nzima. Akikikata, akikate kwa maji. Vumbi la jiwe lina silika inayoharibu mapafu, na kijana anayekata jiwe kavu uani kwako bila kinga anapata madhara ambayo hayatibiki.

Sasa gesi. Hapa tafadhali msomaji asinisome haraka.

Majiko ya gesi yaliyotoka Uingereza kwa kawaida yametegwa kwa gesi asilia ya bomba, kwa kuwa ndiyo inayotumika katika nyumba nyingi za kule. Sisi tunatumia mitungi ya LPG, isipokuwa nyumba chache za Dar es Salaam, Mtwara na Lindi zilizofikiwa na bomba la gesi asilia. LPG hutoka kwa mkandamizo mkubwa zaidi na ina nguvu zaidi kwa ujazo ule ule, hivyo huhitaji pua yenye tundu dogo zaidi. Ukiunganisha mtungi kwenye pua za gesi asilia, moto utakuwa mrefu, wa njano, utapaka sufuria masizi na kutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo huua bila harufu. Jiko la maonyesho mara nyingi huwa na mfuko wa pua za akiba. Uulizie kabla ya kulipa. Washa kila kichomeo, moto uwe wa buluu. Kwenye majiko yenye kizuizi cha usalama, zima moto kwa kufunika na usikilize: baada ya muda mfupi lazima gesi ijifunge yenyewe. Mpira na regyuleta nunua vipya siku zote, hata muuzaji akikupa vya kwake bure.

Umeme nao una mtego, hasa kwa mitumba inayokuja pamoja na magari kutoka Japani. Kule umeme wa majumbani ni volti 100, kwetu ni 230. Jiko la wali au oveni ndogo ya Kijapani ikichomekwa moja kwa moja huungua papo hapo, na friji likiwekewa transfoma ndogo huishia kuishinda transfoma, kwani mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida. Vitu vya Falme za Kiarabu na Omani havina shida hiyo. Mfumo wao unakaribiana na wetu. Vya Saudi Arabia angalia masafa: wao hutumia hezi 60, sisi 50, na mota isiyotengenezwa kwa yote mawili huzunguka polepole na kupata joto. Kila kifaa kina kibandiko nyuma. Kisomwe hapo hapo dukani.

Friji ndilo kifaa pekee katika orodha hii ambalo bei nafuu inaweza kuwa ghali. Tuchukue friji kuukuu linalokula uniti 2 kwa siku zaidi ya jipya. Kwa mwaka ni uniti 730. Kwa bei ya umeme ya T1, kundi la wateja wa kawaida, iliyowekwa mwaka 2016, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, ni shilingi 213,160 kila mwaka. Mteja wa D1, kundi la watumiaji wadogo wa umeme, huumia kwa namna nyingine: kwa bei za mwaka huo huo uniti 75 za kwanza za mwezi zililipiwa shilingi 100, na zilizozidi hapo zilirukia 350, na friji lile moja hula uniti 60 za ziada kwa mwezi. Ukiamua kulinunua hata hivyo, bana karatasi mlangoni na uivute. Ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umekwisha. Soma aina ya gesi. R-12 iliwekwa kwenye orodha ya kuondolewa tangu Itifaki ya Montreal ya 1987, na friji lenye gesi hiyo ni la kuachwa. Likifika nyumbani, lisimame wima saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili mafuta yarudi kwenye kompresa.

Nilisema nitarudi kwenye shorumu. Jiko la maonyesho hukatwa kufuata kona ya duka, kwa hiyo kaunta yake ni nadra kukuenea. Piga hesabu kana kwamba haimo. Milango iliyokabili dirisha hupauka, ilinganishe na iliyokuwa kivulini. Friji na oveni za pale mara nyingi hazijawahi kuunganishwa, ila dhamana inaweza kuwa ilianza zilipofunguliwa. Omba iandikwe kwamba inaanza siku ya risiti yako, na bawaba, reli, mishikio na vibao vya miguu viorodheshwe kimoja kimoja. Muda wa kupatana bei ni pale duka linapohitaji nafasi ya mzigo mpya, si siku unayojisikia kununua wewe.

Kwa mtu binafsi dai pia maandishi: jina, simu, na namba ya kifaa iliyoandikwa kwenye kibandiko. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na sinki jipya linalouzwa barabarani kwa robo ya bei limetoka kwenye nyumba ya mtu anayejenga kama wewe.

Sehemu ya tatu itahusu mkataba wa fundi. Kabla ya hapo, mwenye nia achukue futikamba apime kuta zote za jiko lake, kimo cha dirisha, mahali bomba linapotokea na upana wa mlango wa kuingilia, kisha atembee na karatasi hiyo kila aendako mjini.