Sura ya Nne: Mwangwi Kutoka Sakafu ya Ziwa

Ziwa Basotu, wilayani Hanang, limekaa ndani ya kreta ya volkano ya kale. Ukifunga sona kwenye mtumbwi wa mvuvi wa perege na kuuingiza ziwani humo, jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kina kinachosomeka kwenye kioo chake hutokana na muda tu.

Transdusa iliyozamishwa ubavuni hutoa mlio wa kilohezi 200, usiosikika kwa sikio la binadamu. Katika maji baridi sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.04, sauti imekwenda mita 60, kwenda na kurudi. Kina ni mita 30. Kila mwangwi mpya huchorwa kulia na wa zamani husukumwa kushoto. Hivyo mtumbwi uliotia nanga nao huchora sakafu ndefu tambarare, ingawa sauti inagonga mahali palepale.

Mlio hutanuka kadiri unavyoshuka. Ukiwa na upana wa nyuzi 20, kwenye kina cha mita 30 hufunika duara la mita 10 hivi, na mwangwi wa kwanza hutoka sehemu iliyo karibu zaidi. Kwa hiyo kwenye mteremko mkali kioo husoma kina kifupi kuliko kile kilicho chini ya mtumbwi, na samaki aliyejibana mteremkoni humezwa na mwangwi wa ardhi. Anayekatiza katikati ya mlio hukaribia kisha huenda mbali. Ndipo unapochorwa upinde.

Mwamba hurudisha sauti kwa nguvu, mara nyingine hadi ikagonga uso wa maji na kushuka tena, kioo kikaonyesha sakafu ya pili kwenye kina maradufu. Tope hunyonya sauti, na sakafu ya pili haionekani. Gogo lililozama huchomoza juu ya mstari wa sakafu.

Nyama ya samaki hurudisha sauti kidogo mno. Kinachomfichua ni kibofu chake cha hewa, lile bondo la sangara linalouzwa kwa bei kubwa Mwanza. Kwa njia hiyo, tangu 1999, watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda wamekuwa wakikadiria wingi wa samaki wa Ziwa Victoria.

Basi kabla ya kutupa wavu, uliza mambo mawili: mwangwi umechukua muda gani, na umerudi na nguvu kiasi gani?