Shina la Ubongo, Usonji na Nguvu za Mkono

Leo Kanner alipochapisha nchini Marekani, mwaka 1943, maelezo yake kuhusu watoto 11 wenye usonji, alitaja kwa kupita tu kwamba baadhi yao walikuwa wazito katika mwendo, ilhali wote walikuwa hodari wa kazi za vidole. Kauli ya kwanza imeungwa mkono na tafiti nyingi. Ya pili haikudumu. Watoto wengi wenye usonji hupata taabu kufunga vifungo, kushika kalamu na kudaka mpira. Hata hivyo, udhaifu wa stadi za mwendo haumo miongoni mwa vigezo vikuu vya utambuzi katika mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013. Matokeo yake, mtoto hupimwa usemi na uhusiano wake na wenzake, na mkono wake usipimwe.

Utafiti wa shina la ubongo unatoa sababu ya kuutazama mkono huo. Shina la ubongo, lenye ubongo wa kati, ponsi na medula, huunganisha ubongo na ugwe mgongo. Humo hupita njia ya neva inayobeba amri za mwendo wa hiari kutoka gamba la ubongo. Humo pia mna vituo vya upumuaji, usingizi na upokeaji wa sauti. Kuchelewa kuchunguzwa kwa sehemu hii kulitokana kwa kiasi fulani na ugumu wa kiufundi: ni ndogo, na hutikisika kila moyo unapodunda, hivyo picha za MRI huvurugika. Aidha, usonji ulihesabiwa kuwa suala la lugha na jamii, na watafiti wengi wakaelekeza macho kwenye gamba la ubongo.

Kidokezo cha awali kilitoka Uswidi. Mwaka 1994, uchunguzi wa watu 100 waliodhuriwa na dawa ya thalidomaidi wakiwa tumboni ulibaini kuwa angalau wanne walikuwa na usonji. Madhara yao yalikadiriwa kutokea kati ya siku ya 20 na ya 24 ya mimba, wakati ambapo shina la ubongo ndilo kwanza linaanza kuumbika. Miaka miwili baadaye, Patricia Rodier na wenzake walieleza ubongo wa marehemu mmoja mwenye usonji ambao ulikosa karibu kiini chote cha neva ya uso.

Ushahidi ulio karibu zaidi na suala la mkono ni wa Brittany Travers na wenzake, mwaka 2015. Walipima wanaume na wavulana 67 wenye usonji na 42 wasio nao. Miongoni mwa wenye usonji, kadiri nguvu ya kushika ilivyopungua, ndivyo dalili zilivyozidi. Na hali ya nyuzi za neva za mwendo ndani ya shina la ubongo ilihusiana na yote mawili.

Uhusiano huo si uthibitisho wa chanzo. Wanawake hawakuhusishwa, na hakuna picha ya shina la ubongo inayoweza leo kumtambua mtu mwenye usonji. Lakini nguvu ya kushika hupimwa kwa kifaa kidogo cha mkononi, kwa muda mfupi, hata kwa mtoto asiyezungumza.