Kufasiri ni ufundi: juu ya masomo ya wafasiri

Kwetu, mutu mwenyi kujua luga mbili anahesabiwa kuwa mufasiri tayari. Wanamwita penye tribinali, penye lopitali au penye mukutano wa chefu, na kumwambia: «Wewe umesoma, tufasirie.» Anafasiri namna anavyoweza, watu wanamushukuru, na kila mutu anarudi kwake. Hakuna anayeuliza: Huyu amefundishwa kazi hii wapi? Lakini hatungekubali mutu atujengee nyumba kwa sababu tu ana nyundo na musumeno. Tunataka kwanza kujua kama ni fundi.

Vijana wengine waliomaliza masomo ya universite wanatuuliza: Je, ni kweli kwamba kuna masteri ya ufasiri? Wanafundisha nini huko? Tena, mutoto wa Eringeti atapata faida gani? Tutajaribu kuwajibu hapa kwa utaratibu.

I. Mali ya Eringeti

Eringeti iko katika teritware ya Beni, kwenye barabara kubwa inayotoka Beni kwenda Komanda na Bunia, karibu na mupaka wa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Sokoni wanasema Kiswahili. Nyumbani wengine wanasema Kinande (au Kiyira), wengine Kimbuba, wengine Kilese. Askari wengi wanasema Lingala, na karatasi za ofisi zinaandikwa kwa Kifaransa.

Tuangalie vizuri, kwa sababu luga hizi hazifanani. Kinande ni luga ya Kibantu sawa na Kiswahili; majina yanapangwa kwa makundi, na kitenzi kinafuata jina. Kimbuba na Kilese si luga za Kibantu. Wajuzi wanaziweka katika jamaa ya luga za Sudani ya Kati. Basi, mutu anayefasiri toka Kinande kwenda Kiswahili anatembea katika kijiji kimoja. Anayefasiri toka Kimbuba kwenda Kifaransa anavuka mito miwili.

Mutoto aliyekomea pahali hapa anaweza kuwa na luga nne kabla ya kufika sekondari. Hiyo ni mali kubwa. Lakini mbao si meza bado.

II. Hasara ya kufasiri vibaya

Wengine watasema: Kosa la neno moja ni jambo dogo. Sivyo. Tutoe mifano.

Kwetu, mutu akisema «nimeuza shamba», tunaelewa kwamba ametoa feza na kupata shamba. Akiliacha kwa mwingine na kupokea feza, tunasema ameliuzisha. Lakini Dar es Salaam na Nairobi, «nimeuza shamba» maana yake shamba si lake tena. Tangu mwaka wa 2022 inchi yetu imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na biashara inapita Kasindi kila siku. Mutu akiandika mapatano kwa neno hilo moja bila kueleza, wawili watatia sahihi, na kila mumoja atafikiri kwamba shamba ni lake.

Tuingie sasa katika tribinali. Neno la Kifaransa «prévenu» ni mutu aliyeshitakiwa, hajahukumiwa bado. Mukalimani akisema «mukosaji», amemuhukumu mbele ya zuzi. Katiba yetu ya 2006, katika fungu la 18, inasema kwamba mutu anayekamatwa sharti aelezwe sababu mara moja, katika luga anayoielewa. Fungu la 142 linasema kwamba Serikali sharti itangaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa luga nne za taifa, ndizo Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, katika siku 60 tangu sheria kuwekewa sahihi. Amri hiyo ni nzuri. Lakini nani ataitimiza, kama hakuna wafasiri waliofundishwa? Sheria haijifasiri yenyewe.

Tangu Oktoba 2014 watu wa teritware ya Beni wameona mauaji mengi, na Eringeti yenyewe ilishambuliwa mwisho wa Novemba 2015. Mutu aliyeona mambo kama hayo anayasema kwa luga ya mama yake, na kitabu cha tribinali kinaandikwa kwa Kifaransa. Kati ya kinywa chake na kitabu kile amesimama mutu mumoja. Huko La Haye, katika Korti ya Kimataifa, ilikuwa vivyo hivyo kwa mambo ya jirani zetu wa Ituri: shauri la Thomas Lubanga, lililoanza kusikilizwa mwaka wa 2009 na kukatwa mwaka wa 2012, na shauri la Germain Katanga, aliyehukumiwa mwaka wa 2014. Mashahidi walisema Kiswahili cha Kongo. Wazuzi walisikiliza kwa Kifaransa na Kiingereza. Ushuhuda wao ulifika kwa wazuzi kwa njia ya wakalimani.

Mufano wa mwisho ni ugonjwa wa Ebola. Ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 upande wa Mangina, ukafika Beni na Butembo, ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2 287 walikufa. Mwanzoni maelezo mengi yalitolewa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili cha vitabu. Shirika la Translators without Borders liliuliza watu wa kwetu, likakuta kwamba walitaka maelezo marefu zaidi na ya wazi, katika Kiswahili wanachosema wao na katika luga za nyumbani. Fikirini maneno mawili tu. Munganga anasema matokeo ni «positif», na jamaa wanaweza kufurahi, kumbe ugonjwa umeonekana. Anasema mutu ni «suspect», neno ambalo polisi wanaliita mwizi. Ni ajabu gani kama watu walijificha?

III. Wanafundisha nini?

Kwanza tutofautishe kazi mbili. Mufasiri anaandika: ana kitabu mbele yake, ana wakati wa kufikiri na kusahihisha. Mukalimani anasema: neno likitoka, limetoka. Shule nyingi zinatoa diploma mbalimbali kwa kazi hizi mbili. Hapa tunasema zaidi juu ya ile ya kwanza.

Masteri ni masomo ya miaka miwili baada ya lisanse. Tuangalie neno hili la mwisho. Katika masomo ya zamani ya inchi yetu, lisanse ilikuja baada ya gradua, jumla miaka mitano. Katika utaratibu mupya, ulioanza kuenea katika universite zetu mwaka wa 2021-2022, lisanse ni miaka mitatu, kiisha masteri miwili. Kwa hiyo mutu mwenyi lisanse ya zamani, akiomba nafasi inchi nyingine, aeleze vizuri miaka aliyosoma. Hata karatasi yake mwenyewe inahitaji mufasiri!

Mambo makubwa yanayofundishwa ni haya:

1. Luga ya mama. Wanafunzi wanashangaa, lakini ndiyo ya kwanza. Kwa kawaida mufasiri anafasiri kwenda katika luga anayoijua kabisa, kwa sababu kuelewa luga ya wageni ni jambo moja, na kuandika ndani yake bila kosa ni jambo lingine. Yule anayeandika Kiswahili kibaya hatafasiri Kiswahili kizuri.

2. Kuelewa maana. Mwanafunzi anazoezwa kusoma ukurasa na kuuliza: Nani anasema? Kwa nani? Kwa kusudi gani? Tangazo la chanjo na hukumu ya tribinali hazifasiriwi kwa namna moja. Swali hili ni la zamani. Mutakatifu Yeronimo, aliyekufa mwaka wa 420, alilaumiwa kwamba amefasiri vibaya barua ya Epifani. Akamwandikia Pamakio na kueleza kwamba katika maandiko ya namna hiyo yeye anafuata maana, hafuati neno kwa neno. Wanafunzi wa ufasiri wanasoma barua yake hata leo.

3. Elimu ya kazi moja. Sheria, au uganga, au biashara, au kilimo. Mutu hawezi kufasiri jambo asilolielewa.

4. Kutafuta na kupanga maneno. Mwanafunzi anakusanya maneno ya kazi fulani katika luga mbili au tatu, anaandika maana ya kila moja na pahali alipoyakuta.

5. Kusahihisha kazi ya mwingine. Kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 17100, ya mwaka 2015, inataka kila kazi isomwe tena na mutu wa pili, akiilinganisha na maandiko ya kwanza.

6. Vyombo. Ordinatere inakumbuka sentensi zilizofasiriwa zamani na kuzirudisha. Siku hizi mashine inafasiri yenyewe, na mwanafunzi anafundishwa kuona makosa yake.

7. Sheria za zamiri. Kutunza siri, kutoongeza, kutopunguza, na kukataa kazi usiyoiweza.

Mwishoni mwanafunzi anafanya staji katika ofisi, na anaandika kitabu chake cha mwisho.

IV. Shule ziko wapi?

Ulaya zinajulikana tangu zamani: Geneva tangu 1941, Paris (ESIT) tangu 1957. Lakini mutu asifikiri kwamba njia ni ya Ulaya tu. Huko Buea, Kameruni, kuna shule ya wafasiri na wakalimani (ASTI) tangu miaka ya 1980. Mwaka wa 2009 walimu walikutana Nairobi, penye ofisi ya Umoja wa Mataifa, juu ya kufundisha kazi hii katika Afrika. Matunda yake ni ushirika wa masteri wa universite za Afrika, kati yao Nairobi, Buea, Legon katika Ghana, Maputo, na Saint-Louis katika Senegali. Kwa kijana wa kwetu, Nairobi ndiyo karibu: barabara ya Beni, Kasindi na Kampala inafika huko. Ila sharti awe na Kiingereza chenye nguvu, kwa sababu mitihani ya kuingia haina huruma.

Butembo kuna Université catholique du Graben, iliyoanzishwa mwaka wa 1989. Mwanafunzi anayesoma sheria au uganga huko asizani kwamba amepotea njia. Shule za ufasiri zinapenda mutu mwenyi elimu ya kazi nyingine. Huyo ana kitu cha kufasiri.

V. Maswali mawili ya wazazi

«Mashine haitachukua kazi yake?» Mashine inafasiri haraka maandiko ya kila siku, toka Kifaransa kwenda Kiingereza hasa. Lakini mashine inajifunza kwa maandiko mengi, na maandiko ya Kimbuba ni kidogo sana. Kiswahili inachokijua zaidi ni kile cha Tanzania na Kenya: «nimeuza shamba» itafasiri kinyume cha maana yetu, wala haitaona haya. Mahali ambapo uhai au haki ya mutu inategemea neno, sharti mutu asimame na kujibu.

«Atapata mushahara?» Tuseme kweli: kazi ya kudumu ni haba, na wengi wanalipwa kwa ukurasa au kwa siku. Lakini diploma ina samani yake. Kanuni ile ya ISO inakubali mufasiri kwa njia tatu: diploma ya ufasiri, au diploma ya elimu nyingine pamoja na miaka miwili ya kazi, au miaka mitano ya kazi bila diploma. Basi, hata yule asiyeweza kwenda Nairobi hajafungiwa mulango. Lakini atunze hakikisho la kila kazi aliyofanya.

VI. Mambo ya kuanza sasa

Kuna hatari moja tunataka kuwaonya juu yake. Tumeona vijana wanaokwenda kusoma luga mbali na kuacha za kwao njiani, kana kwamba ni muzigo. Wanarudi na Kifaransa kizuri na Kiingereza kizuri, na hawawezi tena kumueleza nyanya yao ugonjwa wake. Huyo amejifunza kufasiri kati ya watu ambao wana wafasiri wengi tayari. Shule itamupa mutu ufundi. Haitamupa Kimbuba wala Kinande. Hizo sharti aende nazo, na arudi nazo.

Kwa hiyo, wewe unayetamani masomo haya, usingoje barua ya kukubaliwa. Nunua daftari, upige mistari mitatu, upate safu nne: Kifaransa, Kiswahili cha kwetu, Kiswahili cha vitabu, luga ya nyumbani. Chagua kazi moja, tuseme mashauri ya mashamba, au magonjwa ya watoto. Kila siku andika maneno mawili. Pahali ambapo luga ya nyumbani haina neno, usibuni peke yako. Uliza wazee, uliza wakunga, na uandike namna wanavyolieleza jambo lenyewe. Baada ya mwaka utakuwa na maneno zaidi ya 700, na pengine hakuna mutu mwingine aliyeyapanga hivyo. Siku utakapoingia shule, utaingia na mbao zako mwenyewe. Na kama hutaingia, munganga na zuzi wa kwetu watakuwa na daftari la kutazama kabla ya kuwaambia wagonjwa na washitakiwa neno lisilo la kweli.