Fahamu: Kugombea katika ngome ya wapinzani Marekani

Maana yake

Ni mgombea kuwania kiti katika jimbo ambalo chama chake hushindwa mwaka nenda mwaka rudi. Huko Texas, chama cha Democratic hakijashinda kiti chochote kinachopigiwa kura na jimbo zima tangu 1994.

Kwa nini ajitose?

Mwaka 2018 Beto O'Rourke wa Democratic aliwania useneta wa Texas dhidi ya Ted Cruz wa Republican. Alifika katika kaunti zote 254, hata zile ambazo chama chake kilikuwa kimeshazikatia tamaa. Mara nyingi alishika usukani mwenyewe, simu ikirusha safari mubashara Facebook. Alikataa fedha za kamati za kisiasa, lakini akachangiwa takriban dola milioni 80.

Alishindwa kwa asilimia 48.3 dhidi ya 50.9. Hata hivyo, mwaka huohuo chama chake kilinyakua viti viwili vya Baraza la Wawakilishi la Marekani jimboni humo. Na mpiga kura wa kaunti ya mbali aliombwa kura uso kwa uso, jambo ambalo si dogo hata kidogo.

Yupo aliyeshinda?

Yupo. Desemba 2017, Doug Jones wa Democratic alitwaa useneta wa Alabama kwa tofauti ya kura kama 22,000. Mpinzani wake, Roy Moore, aliandamwa na tuhuma za unyanyasaji wa kingono, ambazo alizikana.

Mwaka 2020 Jones alishindwa na Tommy Tuberville kwa zaidi ya asilimia 20, na kiti kikarudi Republican.