Udongo Wenye Kumbukumbu: Mfinyanzi Thancoupie na Ardhi ya Mababu

Nabii Yeremia alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi ili huko asikie neno la Mungu (Yer 18:1-6). Tukisoma sehemu hiyo, kwa kawaida tunamtazama mfinyanzi. Leo tuutazame udongo, tukisaidiwa na mama mmoja wa Australia.

Thancoupie alizaliwa mwaka 1937 katika eneo la Weipa, kaskazini mwa jimbo la Queensland. Alikuwa wa jamii ya Wathaynakwith, mojawapo ya jamii za Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia. Alilelewa katika misheni ya Wapresbiteri, akaitwa Gloria. Baadaye alirudia jina lake la asili, ambalo ni jina la ua la mti wa jamii ya migunga.

Katika miaka ya 1950 iligunduliwa kwamba ardhi nyekundu ya Weipa imejaa boksiti, madini yanayotoa alumini. Sheria ya mwaka 1957 ikaifungulia kampuni ya madini maeneo makubwa yaliyokuwa yametengewa wenyeji. Mwaka 1963, polisi waliwahamisha kwa nguvu watu wa Mapoon, jirani na Weipa, na nyumba zao zikachomwa moto.

Thancoupie alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Sydney kusomea ufinyanzi. Jamii yake haikuwa na desturi ya kuchoma vyungu. Kwao udongo wa rangi ulikuwa kitu cha heshima, ulipakwa mwilini wakati wa sherehe takatifu. Kwa hiyo hakuugusa kama malighafi tu. Alifinyanga vyombo vya mviringo, mithili ya mpira au yai, akachonga juu yake hadithi za mababu na wanyama wa kwao.

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa na Aristotle kwamba kitu kina maada na umbo: chungu ni udongo uliopewa umbo. Ni rahisi kuhitimisha kwamba maada haina neno lake, inangoja tu mwenye nguvu aitumie. Hilo ni kosa letu, si la Aristotle. Yeye alionyesha kwamba msumeno hautengenezwi kwa sufu. Maada nayo ina masharti yake. Thancoupie anatupeleka mbele zaidi: udongo unakuja na historia, na mwenye kuuchimba anapaswa kuuliza kwanza ni wa nani.

Kanisa linafundisha vivyo hivyo. Mwaka 1986, huko Alice Springs, Papa Yohane Paulo II aliwaambia Waaborijini kwamba Injili haiwadai waache kuwa Waaborijini. Naye Papa Fransisko, katika Laudato Si' (na. 146), anakumbusha kwamba kwa jamii za asili ardhi si bidhaa, bali ni zawadi ya Mungu na ya wazee wanaopumzika humo.

Mwaka 2007 Thancoupie alitoa kamusi ya Kithaynakwith, lugha iliyokuwa imebakiwa na wasemaji wachache mno. Alifariki mwaka 2011. Ardhi ya kwao ilikuwa bado inachimbwa, lakini majina yake alikuwa ameyaandika.